Nilimpa Mungu ibada ya Jumapili, nikamnyima gorogoro

MamaNafaka (mleta mada)

Bwana asifiwe wadau. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu ndani, leo naomba nitue mzigo. Ni mrefu. Mwenye haraka apite salama.

Nauza nafaka Kibuye, hapa Kisumu. Mahindi, maharagwe, wimbi, njugu, na omena wakipatikana. Nimeokoka tangu 2009. Kwaya nipo, kikundi cha akina mama nipo, maombi ya Jumatano sikosi, na kila alfajiri saa kumi na moja, kabla sijawasha jiko, napiga magoti. Mtu angeniuliza kama Mungu yumo katika maisha yangu ya kila siku, ningeona ananitusi.

Sasa kuhusu gorogoro. Kwa walio mbali, gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Mafuta yakiisha unakuwa kipimo, na huku Nyanza na Magharibi watu wengi hununua mahindi kwa huo. Mkebe mpya una kitako bapa. Ukikigonga kutoka nje kinaingia ndani na kutuna kama mgongo wa kobe. Mteja akichungulia haoni kitu, maana mahindi yameshafunika. Kila ukipima, konzi moja inabaki kwako. Ukimaliza gunia la kilo 90 una gorogoro mbili tatu ambazo hukuzinunua na umeziuza.

Sikubuni mimi. Nilipoanza, mama mmoja aliyenipa nafasi kando ya meza yake aliushika mkebe wangu, akaugeuza, akacheka: "Wewe na huu mkebe mzima utakula nini?" Akanigongea mwenyewe. Nikaona ni kanuni ya soko, kama vile kulipa ushuru wa asubuhi.

Jumamosi moja mwaka jana mkebe wangu ulikuwa umeliwa na kutu, nikanunua mwingine. Jioni nikaketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, Manyatta, nikaupindua juu ya jiwe la kufulia, nikashika nyundo. Kesho yake kwaya ilikuwa inaimba ibada ya kwanza, na sauti ya pili ilikuwa bado inanipiga chenga, kwa hiyo nikawa naimba huku nagonga. Nilipofika ubeti wa pili nikasikia kitu. Nyundo ilikuwa inafuata wimbo. Nilikuwa napinda kitako cha mkebe kwa mapigo ya wimbo wa sifa, na nilikuwa sijakosea hata pigo moja.

Mkono ukasimama hewani.

Sikuona maono wala kusikia sauti. Niliona aibu tu, ile ya kugundua kwamba mgeni ameketi sebuleni tangu asubuhi na amesikia yote uliyokuwa ukisema jikoni. Pale kwenye kigoda nikaelewa kwamba Mungu nilikuwa nimempangisha chumba cha mbele. Nakifagia, nakiwekea kitambaa cha meza, namkaribisha kwa nyimbo. Stoo nimefunga, na ufunguo nimeutia kwenye sidiria pamoja na pesa za mauzo.

Kilichofuata ndicho kigumu. Zakayo alisema atarudisha mara nne (Zakayo mtoza ushuru wa Luka 19, si rais aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ya kodi). Yeye angalau aliwajua watu wake. Mimi nimeuzia nusu ya Kondele, nitamrudishia nani? Lakini kuna mteja mmoja nilimfahamu vizuri, mama mjane anayelea wajukuu. Alikuwa ananunua kwangu gorogoro tano za mahindi kila Jumapili, bila kukosa, mwaka wa sita sasa. Nikafunga mahindi gorogoro ishirini kwenye gunia, nikapanda boda hadi kwake Nyalenda. Njiani kote natunga maneno. Nilipofika nikasahau yote, nikasema tu, "Mama, mkebe wangu umekuwa na kitako cha kugongwa."

Akaendelea kuchambua mboga. Akasema, "Najua. Mimi hupima tena nikifika nyumbani. Nilibaki kwako kwa sababu chako kilikuwa kimeingia kidogo kuliko cha wenzako."

Halafu akaniangalia. "Kilichokuwa kinaniuma ni ile 'Mungu akubariki, mama' uliyokuwa unaniambia ukinifungia."

Mahindi aliyapokea. Chai pia alinipa. Lakini hiyo sentensi nimelala nayo miezi.

Niwaulize basi: mmefanyaje kumwingiza Mungu hadi stoo? Maana maombi najua kuongeza. Ninachotafuta sasa ni namna ya kufungua.

---

BiasharaNiBiashara

Mama pole, lakini uchumi haujui wokovu. Wewe ukipima mkebe mzima na jirani anapima kobe kwa bei ile ile, nani atafunga kibanda? Mungu anataka moyo wako. Mambo ya kitako cha mkebe tuachie soko. Naona siku hizi watu wanamchosha Mungu na vitu vidogo.

---

Lumbesa_Mstaafu

@BiasharaNiBiashara vitu vidogo? Soma Mithali 11:1 kwanza: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Hapo hakuzungumzia moyo, amezungumzia mizani.

Niko Nakuru, nilikuwa dalali wa viazi miaka kumi na moja. Natoa Mau Narok, Molo, Elburgon, napeleka Marikiti, Nairobi. Mnaijua lumbesa? Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa kofia ya neti juu, viazi vinapandishwa humo hadi gunia linasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Mkulima unamlipa bei ya gunia. Ile kofia ni yako bure. Sheria ya viazi ya 2019 ilisema gunia lisizidi kilo 50. Sisi tulikuwa tunabeba za kilo 110, 120 na zaidi, na polisi wa barabarani tunajua wanataka nini.

Sasa sikieni kituko. Mnajua kwenye kreta ya Menengai, hapa Nakuru, watu hushuka kwenye mapango kuomba. Nami nilishuka. Siku tatu za kufunga, maji tu, usiku baridi ya kukata mifupa, mvuke wa moto unatoka ardhini huku na kule na mimi nalia mbele za Bwana anifungulie milango ya biashara. Siku ya nne nikapanda juu mwepesi, uso unang'aa, nikaingia Molo moja kwa moja, nikampata mzee ana viazi vya kuchimba siku hiyo hiyo. Akaniomba: "Kijana, leo nifungie gunia la kawaida, mtoto amefukuzwa shule." Nikamwambia bei na kofia ndivyo soko lilivyo.

Nilitoka mlimani kwa Mungu nikafika shambani bila yeye. Ni safari ya saa mbili tu kwa gari!

---

MamaNafaka (mleta mada)

@Lumbesa_Mstaafu uliachaje?

---

Lumbesa_Mstaafu

Sikuacha siku hiyo, nisikudanganye. Niliacha baada ya miaka miwili, na ushujaa haukuwepo. Nilikuwa nimekodi shamba nikalima viazi mwenyewe, akaja dalali kijana wa kanisani kwetu kununua. Akanishonea kofia huku ananiita mchungaji. Nikajisikia mimi mwenyewe kinywani mwake.

---

Nduthi_Kondele

Mimi ni wa boda. Kila asubuhi kabla ya kupiga kiki nafunga macho: Bwana nilinde, damu yako ifunike hii pikipiki. Halafu nabeba watu watatu, bila helmeti hata moja, nakata upande usio wangu pale kwenye mzunguko kwa sababu foleni ni ndefu.

Siku moja abiria mmoja, mzee tu, akaniuliza, "Kijana, huyo unayemuomba akulinde, akulinde na nani?" Sikuwa na jibu. Magari yote yalikuwa upande wake sahihi. Wa kulindwa naye nilikuwa mimi.

Nimeanza na abiria mmoja kwa safari. Mfukoni inauma, kusema kweli. Sijafika kwenye stoo bado, lakini geti nimefungua.

---

Sabato_Njema

Nimesoma kwa makini na nimebarikiwa, ila dada yangu kuna boriti hapa hujaitaja. Unaimba ibada ya kwanza ili uwahi Kibuye, unauza siku nzima ya siku unayoiita ya Bwana. Sisi Waadventista tumekuwa Nyanza tangu Gendia 1906 na hadi leo Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua likizama, biashara yote imefungwa, chakula kimepikwa, viatu vimepigwa rangi. Kumruhusu Mungu katika kila kitu kunaanza na kumpa siku yake. Usinielewe vibaya, nauliza kwa upendo.

---

MamaNafaka (mleta mada)

@Sabato_Njema upendo nimeuona, na umenigusa pabaya. Kibuye siku kubwa ni Jumapili. Wateja wa mbali wanakuja siku hiyo, na mauzo ya Jumapili moja yanazidi ya siku nne nyingine zikiwekwa pamoja. Nikikosa Jumapili mbili, kodi ya nyumba imeanguka. Nimeiombea hiyo miaka na sijapata amani kamili, wala sijaacha. Sitajitetea. Nimekuja hapa na mkebe kwa sababu mkebe ndio nilioonyeshwa. Pengine hiyo ndiyo stoo ya pili.

@BiasharaNiBiashara ulitaka hesabu, hii hapa. Nilinunua mkebe mpya nikauacha mzima, nikapandisha shilingi kumi. Jirani alibaki bei ya zamani na kobe wake. Wiki tatu watu walinipita kama nauza mchanga. Nikajaribu mizani, mambo yakawa mabaya zaidi! Mteja wa Kibuye haamini mshale wa mizani, anaamini kichuguu anachokiona juu ya mkebe. Ikabidi niwe naupindua mkebe mbele yao waone kitako kabla sijapima. Wengine wamerudi, wengine hadi leo wananunua kwa jirani. Sitatoa ushuhuda kwamba Mungu amenilipa maradufu, maana hajanilipa. Mauzo yamekaribia yalipokuwa, basi. Tofauti ni kwamba sasa nikimwambia mtu "Mungu akubariki" sauti haikwami.

---

Mjukuu_wa_Maseno

Uzi mtamu. Babu yangu alikuwa wa Uamsho, ule uliotokea Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaja hadi huku kwetu. Hao watu walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, wamelitoa 1 Yohana 1:7. Lilikuwa na maana ya kazi: unasimama mbele ya ndugu unataja ulichoiba, halafu unakirudisha.

Babu alifanya kazi karakana ya reli hapa Kisumu. Akaokoka, akakumbuka ana spana ya serikali nyumbani, miaka mingi. Akatembea nayo hadi ofisini. Bibi alikuwa anasimulia hii akicheka hadi machozi: mkubwa wa pale, mzungu, aligeuza ile spana mkononi, hajui aiandike kitabu gani, maana hakuna kitabu cha vitu vilivyorudi. Mwishowe akampa babu karatasi ya kupokea mzigo. Ile karatasi ilikaa ndani ya Biblia ya babu hadi alipofariki.

Kizazi hicho kilikuwa na ukali wake, tusikisifu kupita kiasi. Walihukumu watu hadi kwa mtindo wa nywele. Lakini wokovu wao ulifika kwenye sanduku la vifaa.

---

Soksi_za_Bluu

Mimi niulize upande wa pili. Kanisani kwetu (sitaji) kuna dada hawezi kununua nyanya bila kumuuliza Roho. Anasimama mbele ya mama mboga amefumba macho, foleni nyuma inasonya. Kijana mwingine amekataa kazi mbili nzuri kwa sababu "hajaachiliwa" na Roho. Bado anakula kwa mamake. Hiyo nayo ni kumruhusu Mungu katika kila sehemu? Mimi asubuhi natia soksi za bluu bila kuomba na najisikia sawa kabisa.

---

MamaNafaka (mleta mada)

😂 @Soksi_za_Bluu umenichekesha hadi mteja ameniuliza kuna nini.

Mimi naona hivi. Huyo dada wa nyanya anamtaka Mungu amchagulie. Mkebe wangu haukuhitaji kuchaguliwa, nilijua jibu tangu siku ya kwanza. Mahali pengi ambapo mimi nasema "nasubiri uongozi wa Bwana" huwa tayari nimeongozwa na sijapenda nilikoelekezwa. Nyanya chagua ambayo haijaoza, lipa, mshukuru Mungu na mama mboga, nenda.

---

Pacha_Wawili

Jamani nyinyi mna soko na barabara. Mimi niko Kakamega na pacha wa miezi minane. Saa ya maombi niliipoteza siku walipozaliwa. Zamani nilikuwa mtu wa kesha. Sasa nikifumba macho nalala, nikifungua Biblia mmoja anaitafuna. Mchungaji alihubiri kwamba asiye na madhabahu ya nyumbani ni Mkristo vuguvugu, nikalia choo cha nje ili mume wangu asinisikie.

---

Malaika_wa_Bwana

Dada Pacha, usilie. Mimi ni Mkatoliki, tuna sala fupi ya Malaika wa Bwana: asubuhi saa kumi na mbili, saa sita mchana, jioni saa kumi na mbili. Kengele ikilia unasimama ulipo, hata jembe mkononi. Hazimalizi dakika tatu. Mama yetu alikuwa akisali ile ya jioni huku anakamua ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameizoea, akisikia "Amina" anainua mguu. Ukiona hata dakika tatu ni nyingi, basi hiyo Amina peke yake.

---

Pacha_Wawili

Huyo ng'ombe ni wa kanisa 😂 Asante. Leo nilikuwa nachambua mrenda, mmoja mgongoni, mmoja amelala. Nikawa nataja jina la mtu kwa kila jani ninalochuma kwenye shina. Mume, mama, yule jirani tuliyegombana kwa ajili ya kamba ya nguo. Nilipofika kwake nilikaa na hilo shina muda mrefu. Mboga ilichelewa.

---

Guku_Kaimosi

Wanangu, nimesomewa huu uzi na mjukuu na yeye ndiye anayeniandikia. Nina miaka themanini na mmoja.

Mimi ni wa Kanisa la Marafiki, Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902. Watu hutucheka kwamba hatubatizi kwa maji wala hatuna meza ya mkate na divai. Wanafikiri tumesahau. Sisi tulifundishwa kwamba kila meza unayokula ni yake, na kila maji unayooga ni yake, kwa hiyo huwezi kuwa na meza moja safi na nyingine chafu. Hatuapi kortini pia, kwa sababu ukiapa umesema kuna siku nyingine ulikuwa unadanganya. Yesu alisema, "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Na bei ni neno.

Walimu wetu walitusimulia kwamba Marafiki wa kwanza kule Uingereza, miaka ya 1600, walikataa mchezo wa kupatana bei. Walikuwa wanataja bei moja, kwa tajiri na kwa maskini. Mwanzoni watu waliwakimbia dukani. Baadaye wakaona kwamba hata ukimtuma mtoto atarudi na kilicho sawa, wakawa wanakwenda huko.

Huyu binti wa mahindi asihesabu wiki. Aangalie tu kama watoto wanatumwa kwake.

---

BiasharaNiBiashara

Guku shikamoo. Nimenyamaza.

Lakini mama, ule mkebe uliokuwa unagonga siku ile ulienda wapi? Maana kama uliuuza, mtu anautumia.

---

MamaNafaka (mleta mada)

Ulinifikiria vizuri kweli 😂 Sikuuza. Niliugonga tena kutoka ndani ili unyooke, ukapasuka. Sasa ni wa kuku, wananywea maji upande usiovuja.

Guku, shikamoo ya mbali, na mimi nakusalimu kwa Kiluhya: mirembe. Nimesoma maneno yako nikiwa hapa kibandani. Kwa kweli leo asubuhi amekuja msichana wa darasa la tatu hivi, shilingi zimelowa jasho mkononi, ametumwa maharagwe gorogoro moja. Nikaupindua mkebe kumwonyesha kitako kama ninavyowaonyesha watu wazima. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Akasema, "Mama alisema nisichelewe."

---

Nduthi_Kondele

Uko upande gani wa Kibuye? Nyumbani maharagwe yameisha.

---

MamaNafaka (mleta mada)

Ingia upande wa barabara ya Kakamega, pita wauza mitumba, uliza mama wa kupindua mkebe, watakuonyesha huku wakicheka. Kuja na mfuko wako. Na uje peke yako kwenye hiyo pikipiki.